Vita vya Nati ya Tatu

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Kwa maana leo naifungua habari nzito, habari ya kinyozi Mokrane mwana wa Arezki, Simba wa Ighil Tazart, Bwana wa Mikasi Miwili, aliyeshuka kutoka milimani siku ya Ijumaa kwenda kushangilia mpira ugenini, akakutana njiani na adui asiye na macho wala masikio wala huruma, akapambana naye mpaka mmoja wao akasalimu amri. Ewe Mola uliyeumba milima ukaitia kona nyingi kuliko subira za waja wako, utie nguvu ulimi wangu nisipunguze hata tone. Kuongeza nitajua mwenyewe.

Mashahidi wapo. Wa kwanza ni mimi, Akli, mwenye mkahawa unaotazamana na kinyozi, niliyefunga biashara siku ile na kupakatishwa sufuria la kuskusi lenye moto kiasi kwamba mapaja yangu yanakumbuka kila kona. Wa pili ni Tassadit, dada yake Mokrane. Wa tatu ni mume wake, Belaid, fundi bomba mstaafu, ambaye mpaka leo anakanusha nusu ya haya nitakayosema. Msimsikilize.

Basi ilikuwa hivi. Timu yetu, Vijana wa Ighil Tazart, ilibakiwa na mechi moja tu, kule Ain Zebouj, uwandani, kwa watu wanaotuita mbuzi wa mlimani. Sare ingetubakiza kwenye ligi. Kufungwa kungetuporomosha hadi kule chini ambako timu hucheza na kuku wakikatiza uwanjani. Na kipa wetu wa siku zote alikuwa kitandani, uso umemvimba kwa matubwitubwi. Zamu ikamwangukia Koceila, mwana wa Tassadit na Belaid, kijana mrefu kama mnara na mwenye haya kama mwari, ambaye hakuwahi kusimama golini siku ya mechi. Asubuhi ile, basi la wachezaji likiwa tayari linapiga honi, kijana aligeuka mlangoni akamwambia mama yake maneno matatu: "Mama, leo uje." Na huyo ni mtoto ambaye tangu azaliwe hakupata kuomba hata chumvi mezani.

Tassadit hakuwa amekanyaga uwanja wa mpira maisha yake yote. Akafunga kilemba chake cha sikukuu, akapika kuskusi ya kulisha jeshi, akatia chupa ya mafuta ya zeituni kwenye kikapu, akasimama mlangoni.

"Kule ni kwa wanaume, mke wangu," Belaid akasema.

"Mimi nimezaa golikipa. Hao wanaume wamezaa nani?"

Belaid akaenda kutafuta kofia yake.

Chombo cha safari kilikuwa gari la Mokrane, gari dogo la Kifaransa lenye rangi ya maziwa yaliyochacha na gia inayochomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Chombo kilichobeba maharusi, magunia ya zeituni, wagonjwa wawili na ndama mmoja, kisimtupe yeyote isipokuwa ndama. Shujaa wetu alikivika riboni za manjano na nyekundu, rangi za timu, kuanzia taa hadi taa. Kisha akapanda, tumbo likatangulia, usukani ukaomba radhi ukapokea. Akainua mkono, akanena kwa sauti ile anayoitumia kuwaambia wateja watulie:

"Enyi watu wa Ighil Tazart! Leo twateremka uwandani, nasi hatutarudi ila kwa heshima! Tukishinda, tutaimba, tukitoka sare, tutaimba vilevile, na tukifungwa—"

"Tukifungwa utakuwa bado unahutubia," akasema Tassadit. "Washa gari."

Tukashuka kona kwa kona, mlima ukituachia taratibu kama anayeaga mgeni asiyempenda sana. Na tulipofika njia panda ya barabara kuu, Mokrane akapiga kelele ya furaha. Mbele yetu na nyuma yetu yalipita magari, magari, magari, yote yamevikwa riboni, yote yakipiga honi, vijana wamejitokeza madirishani hadi viunoni wakipepea vitambaa.

"Tazameni!" akanguruma Simba. "Taifa zima limeinuka! Nani alisema hatuna mashabiki?"

Akajitosa katikati ya msafara, akaungana nao kwa honi yake iliayo kama bata mwenye mafua, nasi tukaimba mpaka shingo zikatoka mishipa. Msafara ukakata kulia. Nasi tukakata kulia. Msafara ukapanda kilima. Belaid, aliyekaa mbele, akaanza kukuna kidevu.

"Shemeji, uwandani ni chini au juu?"

"Hawa wanajua njia ya mkato."

"Mbona gari lile la mbele limejaa mashada ya maua? Na mbona kuna zuria juu ya paa?"

"Belaid, wewe tangu lini ukajua mambo ya mpira?"

Magari yakasimama mbele ya nyumba moja kubwa iliyopakwa chokaa mpya. Ngoma ikalia, zumari ikajibu, na ajuza mmoja mwenye hina hadi viwikoni akafungua mlango wa gari letu, akambusu Tassadit mara nne, akamuuliza kama tumekuja upande wa bwana harusi.

"Tumekuja upande wa golikipa," akasema Tassadit, na sauti yake ilikuwa kisu.

Tulieleza. Tuliomba radhi. Lakini nani amewahi kutoka kwenye harusi ya watu wetu kwa maelezo? Ajuza akaapa kwa kaburi la marehemu mumewe kwamba hakuna mguu utakaovuka kizingiti na tumbo tupu. Na kula kukaleta chai, na chai ikaleta halua, na halua ikaleta mjomba wa bibi harusi, aliyetaka kujua kwa nini kikosi chetu hakina winga wa kushoto. Belaid alikula sahani mbili, tena kwa utulivu. Tassadit hakuketi. Alisimama mlangoni amekumbatia kikapu, akitazama jua linavyohama ukutani, mpaka Mokrane alipomwona akaacha kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Tunaondoka," akasema. Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Mjomba wa bibi harusi akatuonyesha njia ya vumbi ya kukatiza, akaapa kwamba hata punda wake huipita akiwa amesinzia. Nami namwamini, kwa kuwa punda hana tairi. Hatukufika mbali. Palisikika mlio kama wa mtu aliyeshtukizwa na habari mbaya, gari likainamia upande mmoja, nasi tukateremka tukaona: gurudumu la nyuma la kushoto limelala chini kama mkate wa jana, na msumari wa kiatu cha punda umejichomeka humo, unang'aa, hauna habari.

"Pancha," akasema Belaid.

"Mwenye macho amesema," akajibu Mokrane, akavua koti.

Sasa ndipo tulipofika penyewe. Jueni kwamba magurudumu ya gari lile hushikwa na nati tatu tu, wala si nne, wala si tano. Na jueni pia kwamba fundi mwenye akili huzilegeza nati kwanza, gari likiwa bado limekanyaga ardhi, ndipo atie jeki. Mokrane, ambaye viganja vyake ni laini kama shavu la mtoto kwa ajili ya kazi yake ya povu na brashi, akatwaa spana ya tairi kama wenzetu wa zamani walivyotwaa upanga. Nati ya kwanza akaiinamia, akaisukuma, ikajisalimisha. Ya pili ikaguna kidogo, ikaona kilichompata mwenzake, ikafuata. Akafika ya tatu. Akasukuma. Akavuta. Akasukuma tena, uso ukawa mwekundu, masharubu yakasimama. Ya tatu haikutikisika. Ilikaa pale, nyeusi, imejaa kutu, ina pembe sita na kiburi cha pembe saba.

Shujaa akanyoosha mgongo, akaielekezea kidole.

"Ewe kipande cha chuma! Mimi ni Mokrane! Nimenyoa wanajeshi, nimenyoa majambazi, nimemnyoa mzee Hamou kichwa kizima akiwa anapiga chafya! Wewe ni nani unizuie?"

"Shemeji, hiyo ni nati, si mteja," akasema Belaid. "Leta hapa, uione mikono ya kazi."

Belaid akatema mate viganjani, akashika, akakaza meno. Kitu kikalia kraa. Tukashangilia. Kumbe ni mgongo wake.

Mokrane akaichungulia nati kwa karibu, kisha akainua uso polepole.

"Mara ya mwisho tairi hili nani alilifunga?"

Belaid alikuwa amegundua wingu moja zuri sana upande wa magharibi.

"Belaid."

"Nilitaka liwe salama."

"Salama! Umeikaza kama unaziba bomba la bwawa la serikali!"

"Na lingechomoka njiani? Si ungesema Belaid hakukaza? Kwenu mimi nina kosa kila upande!"

"Uliruka juu ya spana, sivyo? Sema kweli."

"Mara moja tu," akasema Belaid. Halafu: "Mara mbili."

Wangeendelea hivyo mpaka magharibi, kwa kuwa mashemeji hao wamekuwa vitani tangu siku ya posa na wote wawili wananenepa kwa vita hivyo. Lakini hatukumsikia Tassadit. Na Tassadit, enyi wasikilizaji, ni mwanamke anayeikemea hata mvua. Tukageuka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa njia, pale kilima kinapokatika, anatazama bonde. Kule mbali, katika ukungu wa joto, palionekana kipande cheupe kidogo kama kiberiti kilichoangushwa, na milingoti minne pembeni. Uwanja wa Ain Zebouj.

"Wameshaanza," akasema, bila kugeuka. "Atatazama jukwaani. Atatafuta. Kwa mara ya kwanza ameniomba kitu, na hatanikuta."

Hakulia. Afadhali angelia. Belaid akavua kofia, akaivaa tena. Naye Mokrane akamwendea dada yake, akautia mkono kikapuni, akatoa ile chupa ya mafuta ya zeituni.

"Kaka, hayo ni ya kuskusi."

"Ndevu kavu hazinyolewi, dada yangu. Hulowekwa kwanza, ukangoja, zikalainika. Nimeishi kwa hilo."

Akapiga magoti vumbini. Akamimina mafuta mabichi, mafuta ya mizeituni ya baba yao, kijani kama macho ya paka, tone baada ya tone, kwenye shingo ya nati ile, akaipangusa kwa kidole, akamimina tena, akainong'oneza kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Tukangoja. Nzi mmoja akatua kwenye sufuria langu, sikuthubutu kumfukuza. Kisha Simba akainuka. Akaiingiza spana, mpini ukalala sambamba na ardhi. Akashika ukingo wa paa kwa mikono miwili. Akapanda juu ya mpini kwa miguu yote, yeye na viatu vyake na tumbo lake na heshima yake yote.

"Belaid! Nishike kiuno!"

"Kiuno kiko wapi?"

"Shika popote!"

Akaruka. Gari likatikisika, riboni zikapepea, nati ikakaa. Akaruka tena. Spana ikapinda kidogo, nasi tukashika pumzi, nati ikakaa. Hapo akafumba macho, akaita majina ya wazee wetu wote hadi yule aliyechimba kisima, akajirusha juu mpaka nikaona mwanga kati ya soli zake na mpini, na aliposhuka alishuka na mlima mzima nyuma yake.

Kwiiiii!

Ndivyo ilivyolia, kama mlango wa kuzimu uliokosa grisi. Nati ikazunguka. Spana ikaruka, Belaid akabaki ameshika mkanda wa suruali usiokuwa na mtu, na Mokrane mwana wa Arezki akapaa kinyumenyume, akavuka mtaro, akatua ameketi katikati ya mipungate iliyopandwa kando ya njia, ile yenye miiba ya aina mbili, mirefu inayoonekana na midogo isiyoonekana.

Sauti aliyoitoa siwezi kuiiga. Kunguru walihama. Kisha, kutoka ndani ya mipungate, ikaja sauti nyingine, ndogo, ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa wake:

"Imefunguka?"

Tassadit akainama, akaigusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha mtungi wa asali.

"Imefunguka, kaka!"

"Basi niacheni nife hapa."

"Hufi, shemeji," akasema Belaid, akimvuta kwa mikono yote. "Umechomwa matako tu. Historia itasema umeumia mgongoni."

"Historia isiseme uongo," akasema Mokrane, machozi yakimlenga. "Iseme matako."

Nami nimesema.

Jeki ikainua, tairi la akiba likaingia, kipara kama yai lakini lina upepo. Belaid akashika usukani. Ikabaki namna ya kumsafirisha mshindi, kwa maana kuketi kulikuwa kumetoka kabisa katika uwezo wake. Tukampigisha magoti kwenye kiti cha mbele, uso nyuma, amekumbatia mgongo wa kiti, tukawa tunatazamana yeye na mimi na sufuria. Hivyo ndivyo Simba wa Ighil Tazart alivyoingia uwandani: kinyume, akiangalia alikotoka, akiwapungia mkono wakulima waliosimama mashambani kwa mshangao. Kila Belaid alipopita shimo, shujaa alitaja jina la Mungu.

"Unayatafuta mashimo kwa makusudi!"

"Barabara ni ya serikali, shemeji, si yangu."

Tulipofika Ain Zebouj, watu walikuwa wanatoka.

Tassadit aliteremka kabla gari halijasimama. Akaenda mbio dhidi ya mkondo wa watu, kilemba kimelegea, akamshika mkono mwanamume mmoja wa makamo aliyevaa skafu ya wenyeji.

"Kaka, imekuwaje?"

"Bila kwa bila, mama. Tumewabana kama ndimu, hatukupata kitu. Yule kipa wenu mrefu, mwana haramu, samahani mama, kadaka penalti mwishoni kabisa! Mikono ile imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu," akasema Tassadit.

Belaid akaketi kwenye ukingo wa barabara, akafunika uso kwa kofia. Alisema ni vumbi. Mokrane akapiga hotuba fupi kwa watu wa uwandani, amesimama ametanua miguu, nao wakamsikiliza kwa adabu kwa kuwa hawakujua ana nini. Ila Tassadit hakufurahi. Alikuwa anasema peke yake, kama anayehesabu: "Sikumwona. Sikumwona."

Tukaingia uwanjani. Wachezaji wetu walikuwa wanaimba mbele ya chumba cha kubadilishia nguo, lakini kijana alikuwa kule mbali, ameegemea mlingoti wa goli, glavu bado mikononi. Alipomwona mama yake akasimama, akawa mrefu tena.

"Mama, umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu. Kulikuwa na nati."

"Nati?"

"Ewe mpwa wangu," akaanza Mokrane, "zipo nati, na zipo nati—"

"Baadaye, mjomba." Kijana alikuwa anatazama chini. "Nilikutafuta, mama. Kila mpira ukitoka nje nilitazama jukwaani."

Pale pale alikuwa anapita mshambuliaji wa Ain Zebouj, Lotfi, kijana mwenye miguu ya beberu na uso wa mtu aliyefiwa, viatu mkononi, kwa maana yeye ndiye aliyepiga penalti ile. Akasimama.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiye."

"Hakuona?"

"Hakuona."

Lotfi akatazama goli, akatazama viatu vyake, akashusha pumzi ambayo ilitoka kwenye ukoo wake mzima.

"Haya. Mama, simama pale pembeni uone vizuri. Leo nife mara mbili, tena mbele ya wageni." Akaketi kwenye nyasi akaanza kufunga kamba. "Mbuzi wa mlimani nyie, mna bahati ya mama zenu."

Neno likaenea. Watu waliokuwa getini wakarudi. Mwamuzi, ambaye alikuwa ameshavaa shati la nyumbani, akaichomoa filimbi mfukoni akasema kama ni jambo la kufanywa basi lifanywe kwa sheria. Filimbi ikalia. Lotfi akaja, akapiga, na mpira ukapaa ukaingia kwenye pembe ya juu kabisa, safi, goli ambalo mtu huliota.

Lotfi akashika kichwa. "Samahani! Mguu umejisahau! Wallahi, laiti ningelipiga hivi wakati ule!"

"Hakuwa tayari!" akapaza sauti Belaid, Belaid yuleyule ambaye siku zote husema mpira ni kazi ya wavivu. "Mwamuzi, rudia! Jua lilikuwa machoni!"

"Jua liko nyuma yake," akasema mwamuzi.

"Rudia!" wakapiga kelele watu, wetu na wao pia.

Akarudia. Wapo wasemao kwamba safari hii Lotfi alipiga kilaini. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, sufuria mikononi, na nasema ule mpira ulikuja kama jiwe la kombeo. Koceila akaruka upande wa kushoto, akajinyoosha mwili wote, mrefu, mrefu zaidi ya haya yake, akaudaka kwa viganja viwili akaanguka nao kifuani. Na Tassadit binti Arezki, aliyeshikwa na kimya tangu ukingo wa kile kilima, akafungua kinywa akapiga kigelegele kimoja hata njiwa wote wa Ain Zebouj wakaruka kwa pamoja. Wanawake wa nyumba za jirani wakakiitikia kutoka madirishani bila kujua cha nini.

Kuskusi tuliila palepale, timu mbili, kwa vijiko vya kuazima. Ilikuwa kavu, mafuta hayakuwapo, na hakuna aliyelalamika. Mokrane hakuketi nasi. Alilazwa kifudifudi kwenye benchi, na tabibu wa timu ya wenyeji akamng'oa miiba kwa kibano, na kila mwiba uliotoka vijana wa pande zote mbili walipiga makofi kama goli, naye akiinua kidole kuwashukuru. Koceila akaja akachuchumaa karibu na kichwa chake.

"Mjomba, wanasema umeruka juu ya spana kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya dada yangu," akasema Mokrane. Na kwa mara moja sauti yake haikuwa ya hotuba. "Wewe ungedaka tu. Yeye ndiye aliyekuwa anazama. Aai! Taratibu, daktari, hiyo ilikuwa nyama yangu!"

Basi hiyo ndiyo habari. Timu ilibaki kwenye ligi, na mwaka uliofuata ikashuka, kama mjuavyo. Matokeo yale hakuna anayeyakumbuka sawasawa, wengine husema moja kwa moja. Lakini kaeni mkahawani kwangu msikilize. Mtu akiulizwa mwanawe alizaliwa lini, husema: majira ya baridi baada ya Nati. Kisima cha chini kilikauka lini? Kabla ya Nati kidogo. Na kinyozi akipita kwenda kufungua duka lake, wanaume wenye mvi huinuka viti vikigonga sakafu, na mmoja wao, kila siku mwingine, humkaribisha kiti kilicho bora. Naye huweka mkono kifuani, hutazama kile kiti kwa muda mrefu, na husema kwa utukufu wote kwamba anashukuru, atasimama.